Tuandike kijiji na mwezi: watoto wa mgongo wazi wanatoka wapi, na lini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo limenikaa moyoni tangu nilipostaafu, nalo linahusu watoto wanaozaliwa na mgongo wazi na wale wa vichwa vikubwa vilivyojaa maji. Mara kwa mara magazeti yetu huchapisha picha ya mama aliyempakata mtoto wa namna hiyo, akiomba nauli ya kumfikisha hospitali kubwa za Muhimbili au Bugando, na wasomaji huchanga. Nawashukuru kwa dhati wanaochanga, kwa kuwa nimewaona watoto waliofanyiwa upasuaji kwa fedha hizo wakakua na kwenda shule. Lakini kila nikiitazama picha ya aina hiyo hujiuliza swali ambalo silisikii likiulizwa hadharani: mimba ya mtoto huyu ilitungwa katika kijiji gani, na ilikuwa mwezi gani?

Nilikuwa muuguzi mkunga kwa miaka 31, mingi kati ya hiyo katika kituo kimoja cha afya cha Nyanda za Juu Kusini ambacho sitakitaja jina. Mwaka mmoja, katikati ya msimu wa mvua, tulipokea watoto watatu wenye kasoro ya namna hii ndani ya wiki tano. Wa kwanza nilimzalisha mwenyewe usiku. Juu kidogo ya makalio alikuwa na uvimbe wa ukubwa wa ndimu, umefunikwa na utando mwembamba kama ule unaobaki ndani ya ganda la yai, na maji yaliyokuwamo yakionekana. Nilipomkuna nyayo, miguu haikujikunja. Nilifunika uvimbe ule kwa gozi iliyoloweshwa maji ya dripu, nikamlaza kifudifudi, na alfajiri mama yake akapanda basi akiwa amemlaza hivyo hivyo mapajani juu ya khanga, safari ya siku nzima. Wa pili alikuwa na uvimbe kama huo. Wa tatu alizaliwa mfu, sehemu ya juu ya fuvu ikiwa haipo. Bibi zake walimzika siku ile ile bila matanga, na mama akakatazwa kumtaja tena.

Kabla hata wa tatu hajazaliwa, maneno yalikuwa yameshaenea. Wapo waliosema ni sindano za uzazi wa mpango, wapo waliosema ukoo fulani ulikuwa na deni la tambiko, na wengi zaidi walisema ni kisima kipya cha pampu kilichochimbwa mwezi Novemba. Wanawake wakakisusa kisima hicho, wakarudi kuchota maji bondeni kwa miezi mingi, na sisi wauguzi hatukuwa na jibu la kuwapa.

Jibu la kisima, kwa kweli, lilikuwapo, ila hakuna aliyekaa akahesabu. Mrija ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga wenyewe ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe, wakati ambao akina mama wengi hawajajua hata kama wameshika mimba. Mgongo wazi hutokea mrija huo usipojifunga mahali fulani, na usipojifunga upande wa kichwani mtoto hukosa fuvu na sehemu kubwa ya ubongo. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa katikati ya Februari kwa mimba iliyotimia alikuwa tumboni tangu Mei, na kasoro yake ilikuwa imeshatokea ifikapo mwisho wa Juni. Kisima cha Novemba hakikuwapo. Hesabu ya vidole tu ingekiondolea lawama, na wanawake wale wangeendelea kunywa maji safi.

Hilo la kisima nina hakika nalo, lakini zaidi ya hapo sina hakika na lolote, na sababu yake inaniumiza. Miaka kadhaa baadaye nilifungua rejista ya wazazi nikitaka kujua kama wale watatu walikuwa na chochote kilichowaunganisha. Kwa wawili wa kwanza nilikuta maneno "mtoto ana kasoro", bila kutaja kasoro gani. Kwa wa tatu nilikuta "amezaliwa mfu" na basi. Mwandiko ulikuwa wangu. Tarehe ya mwisho ya hedhi ilikuwa kwenye kadi ya kliniki, na kadi mama aliondoka nayo nyumbani. Kijiji kilichoandikwa ni kile alikotoka mama siku ya uchungu, ilhali huku kwetu binti akiwa na mimba ya kwanza hurudi kwa wazazi wake kujifungua. Mama wa pili, namkumbuka vizuri, miezi ya mwanzo ya mimba yake alikuwa Kilombero, mumewe akikata miwa, na alirudi kwao akiwa na mimba ya miezi saba. Rejista inamhesabu kuwa wa kijiji chetu.

Je, watoto watatu katika wiki tano walikuwa mkusanyiko wenye chanzo kimoja, au ni bahati mbaya zilizofuatana? Ukimwaga punje za mahindi juu ya mkeka, hazitalala kwa nafasi zinazolingana: pengine zitarundikana tano pamoja na pengine patabaki patupu, wala hakuna mkono uliozipanga. Kituo kinachozalisha akina mama 600 kwa mwaka, ikiwa tuseme watoto wawili kati ya kila 1,000 huzaliwa na kasoro hii, kitatarajia mtoto mmoja hivi kwa mwaka. Watatu kwa mkupuo ni jambo la nadra kwa kituo kimoja, lakini nchi yetu ina maelfu ya vituo na kila mwaka una wiki 52, kwa hiyo mahali fulani jambo hilo litatokea tu bila chanzo chochote cha pekee. Kosa letu ni kuliona rundo kwanza, kulizungushia duara, kisha kutafuta ndani ya duara kitu cha kukilaumu. Njia iliyo sahihi ni kuainisha mapema eneo na kipindi, kuhesabu vizazi vyote vilivyotokea humo, hai na mfu, wenye kasoro na wasio nayo, ndipo tuulize kama idadi imezidi ile iliyotarajiwa.

Ramani yenyewe yaweza kuwa ya kweli na bado maelezo yake yakawa ya uongo. Kwa miongo mingi huko Uingereza na Ireland ilijulikana kwamba watoto wa mgongo wazi na wasio na fuvu walizaliwa kwa wingi zaidi Ireland Kaskazini na kusini mwa Wales kuliko kusini-mashariki mwa Uingereza, na kwamba idadi yao ilipanda na kushuka kwa majira. Mwaka 1972 daktari James Renwick alipendekeza kwamba chanzo ni viazi mviringo vilivyoshambuliwa na ukungu. Wazo hilo lilieleza vizuri mahali na majira, lakini wanawake walioacha kula viazi waliendelea kupata watoto wenye kasoro ile ile, na likaachwa. Jibu kubwa lilipatikana mwaka 1991, pale jaribio lililosimamiwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilipoonyesha kwamba mama aliyewahi kupata mtoto wa namna hiyo, akimeza foliki asidi, aina ya vitamini, kabla ya kushika mimba na katika wiki za mwanzo, hupunguza uwezekano wa kupata mwingine kwa karibu robo tatu. Watu wa viazi huku Njombe na Makete wasisumbuke kwa kisa hiki. Nimekitaja kwa kuwa kinafanana sana na kisima chetu.

Kisa cha Brownsville, mji wa Texas ulioko mpakani mwa Marekani na Mexico, kinatuhusu kwa karibu zaidi. Mwezi Aprili 1991, hospitali moja ya mji huo ilipokea watoto watatu wasio na fuvu ndani ya saa 36. Watu walinyooshea kidole moshi wa viwanda vya upande wa pili wa mto, na uchunguzi wa kwanza haukupata chanzo kimoja cha wazi. Lakini serikali ya jimbo hilo haikuishia hapo. Mwaka 1993 ilitunga sheria ya kuanzisha rejista ya kasoro za kuzaliwa, na watafiti wakaendelea kuwahoji akina mama kuhusu walichokula. Mwaka 2006 walichapisha matokeo yaliyohusisha kasoro hizo na fumonisini, sumukuvu inayotokana na ukungu wa mahindi, kupitia mikate ya mahindi ambayo watu wa mpakani hula kila siku. Sumu hiyo huvuruga mafuta yaliyo katika kuta za seli, na kwa njia hiyo huzuia seli kupokea foliki asidi hata kama mama anayo ya kutosha mwilini.

Sisi tunakula ugali mchana na usiku. Mwaka 2016 sumukuvu ya aina nyingine, aflatoksini, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na tangu hapo elimu ya kukausha na kuchambua mahindi imetolewa kwa bidii katika maeneo mengi. Fumonisini haizungumzwi kiasi hicho, wakati wataalamu wetu wenyewe wameipima na kuikuta katika mahindi ya wakulima wa mikoa kadhaa. Mimi nina shaka, na naomba ibaki kuitwa shaka, kwamba kuna miezi fulani, labda ile ya mwisho wa ghala ambapo familia maskini hula hata punje zilizobadilika rangi, labda ile ya kuvuna mahindi yakiwa hayajakauka, ambapo mimba changa zinakuwa hatarini zaidi. Shaka hiyo ni rahisi kuithibitisha au kuifuta, iwapo tu tungekuwa na mwezi na kijiji cha kila mtoto.

Kuhusu vichwa vikubwa, jirani zetu wa Uganda wametangulia. Daktari wa upasuaji Benjamin Warf alipofika Mbale mwaka 2000 na kuanza kutibu watoto katika hospitali ya CURE, aligundua kwamba zaidi ya nusu yao hawakuzaliwa na tatizo hilo. Walizaliwa wazima, wakapata maambukizi ya ubongo katika wiki za mwanzo za maisha, na maji yakajaa kichwani baadaye. Watafiti walichukua kumbukumbu za hospitali hiyo, wakaweka kijiji cha kila mtoto kwenye ramani pamoja na vipimo vya mvua vilivyopigwa na setilaiti, na mwaka 2012 wakachapisha kwamba idadi ya wagonjwa hupanda katika vipindi vinne vya mwaka, vyenye mvua ya wastani, vilivyo kati ya ukame mkali na mvua kubwa. Mwaka 2020 ikatangazwa kwamba katika majimaji ya ubongo ya wengi wa watoto hao kumepatikana bakteria wa jamii ya Paenibacillus, na uchunguzi uliofuata ukaonyesha kwamba wenye bakteria hao wamejikusanya hasa pembezoni mwa Ziwa Kyoga, penye maeneo ya matope na mabwawa. Kazi ilichukua miaka ishirini, na ilianza kwa mtu kuandika mtoto huyu anatoka wapi.

Hapo pana onyo kwetu sisi tunaosema "vichwa vikubwa na mgongo wazi" kwa pumzi moja. Watoto wengi wa mgongo wazi hupata pia maji kichwani, na ni sawa wazazi wao kuwa katika chama kimoja na kuhudumiwa na madaktari wale wale. Lakini yule aliyezaliwa na kichwa cha kawaida, akapata homa na degedege siku ya kumi, kisha kichwa kikaanza kukua, si wa kundi hilo, na tukiwaweka katika safu moja ya rejista tutauficha msimu wa huyu ndani ya msimu wa yule. Futi ya fundi cherehani ikizungushwa kichwani siku ya kuzaliwa, na namba ikaandikwa kwenye kadi, inatosha kuwatenganisha. Wakunga wengi wanajua kupima. Ninachoomba ni kila mtoto apimwe na namba iandikwe.

Nimesikia hoja kwamba rejista ya namna hii ni kazi ya nchi tajiri. Naomba wenye hoja hiyo waitazame Botswana. Kuanzia Agosti 2014, katika utafiti uitwao Tsepamo, wakunga wa hospitali nane za serikali walianza kumchunguza kila mtoto anayezaliwa, hai au mfu, kutoka utosini hadi nyayo, kama mkunga yeyote apaswavyo, na watafiti wakanakili walichoandika pamoja na dawa alizotumia mama. Kasoro ikionekana, na mama akiridhia, ilipigwa picha ikaangaliwa na mtaalamu asiyejua mama alikuwa anatumia dawa gani. Mwezi Mei 2018 rejista hiyo ilitoa habari iliyoshtua dunia: kati ya wanawake 426 walioshika mimba wakiwa wanatumia dolutegravir, dawa mpya ya kufubaza VVU, wanne walipata watoto wenye kasoro za ubongo na uti wa mgongo, karibu 1 kati ya 100, wakati kwa dawa nyingine ilikuwa karibu 1 kati ya 1,000.

Nchi nyingi zilisita, na wanawake wengi wa Afrika wakanyimwa dawa bora au wakaambiwa watumie uzazi wa mpango kwanza ndipo waipate. Wakunga wa Botswana waliendelea kuchunguza na kuandika. Mwaka uliofuata walifikia wanawake 1,683, na kasoro zilikuwa tano, yaani 3 kati ya 1,000. Hospitali ziliongezwa, miaka ikapita, na kufikia mwaka 2022, wanawake wakiwa 9,460, kasoro zilikuwa 10, karibu 1 kati ya 1,000, sawa na wengine wote. Hofu iliondoka. Dawa hiyo leo inamezwa na mamia ya maelfu ya Watanzania. Mimi kama mkunga najivunia kisa hiki, kwa sababu macho yale yale yaliyotoa tahadhari ndiyo yaliyoisafisha dawa, na hayakuwa na mashine wala maabara. Tulipokuwa na watoto wetu watatu, sisi tulikuwa na ile sehemu ya kwanza tu, yaani hofu.

Ninachowaomba wenye mamlaka ya afya, kuanzia waganga wakuu wa wilaya hadi wizarani, ni kidogo. Kila mtoto mwenye kasoro inayoonekana aandikwe kasoro yake kwa maneno ya wazi, ikiwemo mahali ilipo mgongoni. Aliyezaliwa mfu achunguzwe na kuandikwa vivyo hivyo kabla hajakabidhiwa kwa ndugu. Mama aulizwe alikuwa akiishi wapi miezi mitatu ya kwanza ya mimba, na tarehe ya mwisho ya hedhi inakiliwe kutoka kwenye kadi kabla kadi haijaondoka. Mwisho wa mwaka idadi ya vizazi vyote vya eneo itolewe pamoja na idadi ya kasoro, kwa sababu bila ya kwanza ile ya pili haina maana. Najua muuguzi mmoja wa zamu ya usiku ana vitabu vingi na mikono miwili. Nimekuwa muuguzi huyo. Kwa vituo vingi watoto hawa hawatazidi wachache kwa mwaka, na mistari minne kwa kila mmoja haitamwangusha mtu.

Lipo pia suala la heshima. Kijiji kikijulikana kuwa na watoto wengi wa mgongo wazi, mabinti zake wanaweza kukataliwa kuolewa. Nimeona ukoo mmoja ukisemwa hivyo kwa mtoto mmoja tu. Kwa hiyo taarifa za kijiji zibaki kwa wataalamu, na hadharani kitangazwe kile kilichothibitishwa, kwa ngazi ya wilaya au ya mkoa.

Wala kazi hii isiwe kisingizio cha kuchelewesha lile tunalolijua tayari. Kati ya mwaka 1993 na 1995 huko China, wanawake wa mikoa ya kaskazini ambao hawakumeza foliki asidi walipata watoto wenye kasoro hizi 4.8 kwa kila 1,000, na waliomeza mikrogramu 400 kila siku tangu kabla ya mimba walipata 1.0. Kusini, ambako kasoro zilikuwa chache tangu awali, idadi ilitoka 1.0 hadi 0.6. Mahali palipoumia zaidi ndipo kidonge kilipofanya kazi kubwa zaidi, na hiyo ni sababu nyingine ya kutaka ramani. Sisi humpa mama vidonge vya damu vyenye foliki asidi anapokuja kliniki, na wengi huja mimba ikiwa na miezi minne au mitano, wakati mrija ule umeshajifunga, au umeshindwa kujifunga, zamani. Tangu mwaka 2011 tunazo kanuni za kuongeza virutubishi katika unga, lakini unga unaoongezwa ni wa viwanda vikubwa, na wanavijiji hubeba debe la mahindi yao hadi mashine ya jirani. Kabla ya kusubiri ramani yoyote, foliki asidi inaweza kupelekwa mashineni huko na kwa mabinti wanaoolewa.

Miaka miwili ya mwisho ya kazi yangu nilinunua daftari, nikaanza kuandika mwenyewe: kasoro, kijiji cha mwanzo wa mimba, tarehe ya mwisho ya hedhi, chakula cha nyumbani. Lina watoto saba, wachache mno kusema lolote, na sikuandika majina ya mama zao. Mganga mkuu wa wilaya yoyote atakayeanza hesabu hii atalipata kwangu siku hiyo hiyo, nami nitakwenda kituoni kwake kumwonyesha mkunga kijana jinsi nilivyokuwa nikiuliza, kwa sababu swali la alikuwa wapi mwezi ule wa kwanza huulizwa polepole, mama akiwa ameshanyonyesha na kutulia.

Wako katika kazi,
Muuguzi mkunga mstaafu,
Njombe